Herufi K Kwenye Mkuyu

Siku Shangazi alipoiona ile orodha juu ya meza ya mkuu, alikuwa amevaa buti mpya zilizokuwa zikimchuna visigino, na Shangazi akichunwa kisigino hana urafiki na mtu. Nalitaja hilo mapema ili mkifika kwenye ujinga alioufanya msimhukumu kwa pupa. Mtu mzima na akili zake, miaka hamsini na minane, akaja kununa siku nne mfululizo kwa sababu ya herufi moja. Lakini twende taratibu.

Kwanza jina. Shangazi alikuwa shangazi wa kweli wa mtu mmoja tu, naye ni mkuu wa magofu, mtoto wa marehemu kaka yake. Sasa mkuu wenu akimwita mtu shangazi mbele ya kadamnasi, nyinyi mtamwita nani? Mkata tiketi akamwita Shangazi, bawabu akamwita Shangazi, hata wageni wa mara moja wakaondoka wakimpungia mkono, kwaheri Shangazi. Jina lake la cheti alibaki nalo peke yake.

Kazi yake ilikuwa kutunza miti. Watu wakisikia magofu hufikiria mawe tu, na mawe yalikuwepo, hilo halina ubishi. Mji ule wa kale ulijengwa juu ya mgongo wa kilima, vijito viwili vikiuzunguka huku na huku na kukutana chini penye matete. Waliojenga walishakwenda zao, hata walivyojiita hakuna anayejua, na walipotoka wao msitu ukaingia bila kubisha hodi. Mikwaju iliota vyumbani, kila chumba na mkwaju wake, kama wapangaji. Mivule ikasimama mahali palipokuwa barabara. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka vijitoni ukazifunika kuta zote, vikabaki vilele vya miti peke yake, na hondohondo wakianza kelele zao ungesema mji bado una watu na wanagombania maji. Wageni walikuja kwa ajili ya mawe. Wakirudi, Shangazi aliwasikia wakiongelea kivuli, ndege, na ule upepo wa kwenye matete.

Kujua mti upi unaubomoa ukuta na upi unaushika, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Usidhani ni jambo dogo. Kuna mti utautazama useme huyu adui, kumbe ukimtoa yeye ukuta wote unakuja chini. Wa kwanza kati ya hao alikuwa mkuyu wa langoni. Lango kuu la mji lilikuwa tao la mawe, refu kuliko watu watatu wakisimamiana mabegani, na udongo uliokuwa umeyagandisha mawe yale ulikwisha zamani. Kilichoyashika ni mizizi ya mkuyu, iliyoteremka pande zote mbili za tao ikapenya kila ufa. Ukiukata mkuyu, lango halimalizi hata msimu mmoja wa mvua. Shangazi alikuwa akiufagilia chini kila Jumatatu kwa miaka ishirini na sita. Na chini ya mkuyu huohuo ndipo alipokuwa akimlaza mkuu, enzi hizo mkuu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kaka yake ameshafariki na mwanamke wa watu amekwenda kuolewa kwingine.

Sasa mnaelewa kwa nini miti aliisemea kama watu. Huyu anaumwa. Yule mwacheni apumue. Mkuu, aliyesoma mpaka akarudi na vyeti vya kutundika, alikuwa akimrekebisha kwa upole.

"Shangazi, mti ni huu. Si huyu."

"Huu ni wa darasani kwako, baba. Huyu mimi namjua."

Na alama zake alizitunga mwenyewe. Kila mwaka alipita na kopo la rangi nyeupe na brashi, akaandika herufi moja kwenye gome, usawa wa kifua. K ni kaa. T ni toka. Mti wenye K unakaa, wenye T unatoka, na kwa kuwa miaka yote alifyeka na kukata yeye na wenzake wawili kwa panga na msumeno wa mkono, hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Mwaka huu lakini miti ya T ilikuwa mikubwa, panga haliwezi. Mkuu akaagiza mafundi wa misumeno ya petroli kutoka mjini.

"Shangazi," akamwambia, "nitengenezee daftari la miti yote, chumba kwa chumba. Na mwanzoni uandike maana ya alama."

"Nani asiyejua K?"

"Andika tu, shangazi."

Aliandika daftari lote, mwandiko wa kutulia, miti mia moja na kumi na mmoja. Ukurasa wa mwanzo aliuacha mtupu, ameuweka kiporo auandike palepale ofisini mbele ya mkuu, ili amwonyeshe kuwa ametii ingawa hakuona haja. Ndivyo alivyokuwa. Akitii lazima uone.

Ijumaa akaenda. Mkuu alikuwa nje akizungumza na dereva, mlango uko wazi. Shangazi akaingia, akakaa, akainua buti moja kidogo ili kisigino kipate nafuu, na macho yake yakaanguka mezani. Pale palikuwa na karatasi. Juu imeandikwa WAFANYAKAZI WA NJE, chini yake majina, na mbele ya kila jina herufi kwa kalamu nyekundu. Mkata tiketi B. Bawabu B. Mfagiaji wa njia B. Wenzake wawili wa mapanga, B na B. Halafu yeye, ameandikwa hivyohivyo, Shangazi. Mbele yake T.

Wiki hiyo maneno ya kupunguza watu yalikuwa yamezagaa, kila mtu na lake. Shangazi hakuhitaji kuambiwa. B ni baki. T, miaka ishirini na sita ameiandika kwenye magome kwa mkono wake, anajua maana yake kuliko yeyote. Watu wote wanabaki, anayetolewa ni yule aliyemlea mwandishi wa orodha.

Mkuu akaingia akitabasamu. "Umeleta daftari? Maana ya alama umeiandika?"

"Inaeleweka."

"K na T tu?"

"K na T," alisema Shangazi. "T hasa wewe unaijua vizuri."

Mkuu akacheka, hakusikia sumu iliyokuwemo. "Kweli, hata mtoto wa chekechea atajua."

"Naomba likizo. Siku nne."

"Nenda, shangazi. Nenda ukapumzike, umetumika sana."

Ukapumzike. Umetumika sana. Kama angempiga kofi isingemuuma hivyo. Shangazi akaliweka daftari juu ya ile orodha, akaondoka buti zikilia kwi kwi kwi mpaka getini, na hakumuaga hata bawabu.

Akaenda kwa mdogo wake, mwendo wa saa mbili kutoka pale. Mdogo wake ni mshonaji, sebule yake ina cherehani mbili na vipande vya vitambaa hadi chini ya viti, na mdomo wake ni mwepesi kuliko sindano ya cherehani. Alipoona dada yake amezima simu na kuitupia kabatini, akajua kuna jambo. Alipoambiwa jambo lenyewe, akaacha kushona.

"Si umuulize tu, dada?"

"Nimuulize nini? Nimesoma kwa macho yangu."

"Umesoma T."

"T ni toka."

"T ni vitu vingi. Mimi hapa T ni tumbo, mteja akiwa amenenepa namwandikia T ili nimwachie nafasi."

"Usinichekeshe, sitaki kucheka."

Na kweli hakucheka. Jumamosi akanuna, Jumapili akanuna, Jumatatu akapiga pasi nguo ambazo hazikuwa zake huku akinuna. Usiseme hakuwa na uchungu wa haki. Alikuwa akifikiria Jumatatu hiyo nani amefagia chini ya mkuyu, na akijibu mwenyewe kwamba hakuna. Akajiapiza kuwa hatarudi kuomba. Barua ikija ataipokea, atatia sahihi, ataulizia tu kama wataendelea kumruhusu aingie bila tiketi.

Jumanne asubuhi mdogo wake alikosa salio la kumpigia mteja, akaichukua simu ya dada yake kabatini na kuiwasha. Haikumaliza hata nusu dakika, ikalia.

"Ni mkata tiketi," akasema, akimnyooshea.

"Mwambie nimepumzika."

"Mwambie mwenyewe, mimi nina gauni la harusi."

Shangazi akaipokea kwa shingo upande.

"Hatimaye," alisema mkata tiketi. "Nilidhani simu umeitupa chooni. Nakupigia kukupa habari tu, mafundi wa misumeno wamefika. Leo wameshaanza, na wenzako wa mapanga wamepewa mapumziko mpaka wamalize. Yaani misumeno hiyo, Shangazi, inakula mti kama muwa. Wamesema wataanza na K ndogondogo, mchana wamalizie na ile K kubwa ya langoni."

"Wamalizie vipi?"

"Wakate. Si ndiyo K? Mkuu aliwaelekeza kabla hajaenda mkutanoni mjini. K kata, T tunza."

Mtu akipata habari kama hiyo, huwa haelewi papo hapo. Shangazi alisimama, pasi ameisahau juu ya kola aliyokuwa akiinyoosha, akiona herufi zake zote mia moja na kumi na moja zikigeuka mgongo moja baada ya nyingine. K kata. T tunza. Mbona inaeleweka kabisa. Mbona mtu yeyote mwenye akili timamu angesoma hivyo.

"Sikiliza," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka mdogo wake akainua kichwa. "Toka hapo tiketini, shuka mbio, uwaambie wazime. Uwaambie K ni ka—"

Mtandao ukakatika. Kule magofuni mtandao ulikuja ukijisikia. Akapiga tena, mteja hapatikani. Akampigia mkuu, mkuu alikuwa mkutanoni, simu ikaita mpaka ikachoka.

"Amesikia?" aliuliza mdogo wake.

"Amesikia K ni ka."

Wakatazamana. Kaa inaanza na ka. Kata nayo inaanza na ka.

"Pasi, dada," alisema mdogo wake, maana kola ya watu ilishaanza kutoa moshi.

Shemeji mtu, mume wa mdogo wake, alikuwa uani akifunga trei za mayai kwenye pikipiki. Shangazi akatokea akiwa amevaa buti, kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu na mlango, na akapanda nyuma bila kuuliza.

"Shemeji, hapo ulipokaa ni pa mayai."

"Yashushe."

"Yana wenyewe, shemeji."

"Basi nitayapakata. Endesha."

Akayapakata, trei nne, na shemeji akaendesha, akitaniatania mwanzoni kuwa hajawahi kubeba shemeji mwenye mayai mengi hivi, kisha akaona kwenye kioo uso wa Shangazi unavyotiririka machozi bila sauti, akafunga mdomo na kukaza mwendo. Njia nzima Shangazi alihesabu. Saa mbili njiani. Mti mdogo robo saa. Mkuyu, kwa misumeno miwili, labda saa nzima. Kila akihesabu ilitoka vilevile, kwamba atafika lango limeshalala.

Na aliyeliangusha ni nani? Si mafundi. Si mkuu. Ni yeye na ukurasa mmoja mtupu. Hasira ya siku nne ilimtoka yote pale juu ya pikipiki, ikabaki hofu tupu, na hofu ile haikuwa ya kazi tena. Wangemtoa kazini hata mara kumi, mradi mkuyu ukae.

Walipofika juu ya ukingo, mahali ambapo barabara inapinda na bonde lote linafunguka mbele yako, shemeji akapunguza mwendo mwenyewe. Shangazi akatazama. Jua lilikuwa limepanda, ukungu umeisha, vijito viwili viking'aa kama vilivyong'aa siku zote. Kilima kilikuwa kijani na mawe yamechungulia hapa na pale. Upande wa mashariki palikuwa na uwazi mdogo ambao haukuwepo Ijumaa. Langoni hakuona, pamefichwa na bega la kilima. Misumeno ilikuwa kimya.

Kimya hicho kilimtisha kuliko kelele. Kelele ingemaanisha bado wanakata.

Tiketini mkata tiketi alitoka nje mbio, uso umejaa fahari ya mtu aliyefanya kazi yake.

"Nimewaambia, Shangazi. Nimeshuka mpaka chini kwa miguu yangu mwenyewe, nikawaambia umethibitisha mwenyewe, K ni kata."

Shangazi alimkabidhi mayai.

Akashuka njia ya mawe kwa buti zile, huku akishika kuta. Kwenye chumba cha tano alikuta mkwaju wa K umelala, mbichi, majani yake bado hayajajua kuwa yamekufa. Mkwaju mdogo, wa miaka kumi na tano hivi, aliutoa yeye mwenyewe mwiba kwa mwiba kwenye kichaka cha miba ili upate jua. Akaugusa kisiki, mkono ukalowa. Akaendelea. Chumba cha saba, mti wa T umesimama salama, umefunikwa na mitambazi, umetunzwa. Hapo angecheka kama angekuwa na pumzi.

Kisha akakata kona, na juu ya ukuta akaona majani. Majani mengi, mapana, yanatikisika kwa upepo wa kwenye matete kama siku nyingine yoyote. Hakuyaamini. Mti unaweza kuwa umekatwa robo tatu na bado umesimama, unasubiri kusukumwa. Akaenda mpaka chini kabisa, akauzunguka, akapapasa gome kwa viganja viwili, akatafuta unga wa mbao miguuni. Hapakuwa na unga. K yake kubwa nyeupe ilikuwa pale, na chini yake, mgongo ameuegemeza kwenye shina, alikaa mwanaume mnene wa makamo, kidole kimoja hana, anakunywa maji kwenye chupa. Wenzake watatu walikuwa wamelala kivulini, misumeno imelazwa kando yao.

"Wewe ndiye mwenye K," alisema yule mwanaume. Hakuuliza.

"Ndiye mimi. Nyinyi ndio mafundi?"

"Ndio sisi. Mimi ndiye msimamizi wao. Keti, mama, utaanguka."

Akaketi palepale chini.

"Mbona hamjakata?"

Msimamizi akafunga chupa yake kwanza. Alikuwa mtu asiye na haraka, jambo ambalo nadhani ndilo lililomwachia vidole tisa.

"Tulikata mmoja," alisema. "Yule mkwaju wa kule. Ulipoanguka nikaona chini yake pamefagiliwa. Nikasema labda upepo. Tukaenda kwa K ya pili, chini pamefagiliwa tena, na mizizi imepangiwa mawe maji yasituame. Nikaenda kumtazama T. T magugu mpaka kiunoni, mitambazi imemkaba koo, hajaguswa na mtu miaka. Nikawaambia wenzangu zimeni. Karatasi ya mkuu ninayo, inasema K kata. Lakini sijawahi kuona mtu anamfagilia chini anayetaka kumuua."

"Yule mama wa tiketi alikuja akasema nimethibitisha."

"Alikuja. Nikamwambia akaulize tena, akanikasirikia. Ndipo nikampandisha mmoja wetu juu ya ukuta wa mashariki kutafuta mtandao, akampata mkuu. Yuko njiani." Akageuka, akalipiga shina kofi dogo, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake. "Huyu sikuhitaji hata kumuuliza mtu. Huyu ndiye kalibeba lango."

Shangazi alisikia huyu. Mtu asiyemjua, wa kutoka mjini, amesema huyu. Akajifunika uso kwa upande wa khanga akalia mpaka mabega yakatikisika, na kilio kilikuwa cha raha, raha tupu, ya mtu aliyeshusha mzigo aliodhani atazikwa nao. Mafundi waliokuwa wamelala wakaamka, wakamtazama, wakalala tena kwa adabu.

Mkuu alifika saa saba, amevaa suti ya mkutano na viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amekimbia kutoka tiketini, mkata tiketi na shemeji wakimfuata nyuma, mayai yameachwa kwa bawabu. Akasimama mbele ya mkuyu, akainua macho mpaka kileleni, akayashusha. Akapumua kwa mdomo.

"Shangazi. K ni nini?"

"Kaa."

"Na T?"

"Toka."

Mkuu akakaa chini na suti yake. "Mimi niliwaambia kata. Nilisema kwa mdomo wangu huu, na karatasi nikawaandikia. Wala sikujiuliza mara mbili."

"Uliniambia niandike maana. Sikuandika."

"Kwa nini, shangazi? Si kawaida yako. Hukosi kazi."

Hapo angeweza kunyamaza. Lakini Shangazi alishachoka kubeba lile jambo, na mtu akishapona na kubwa, dogo halimshindi.

"Kwa sababu ya T yako."

"T yangu ipi?"

"Kwenye orodha. Ilikuwa mezani kwako. Wafanyakazi wa nje. Wote umewaandikia B, mimi peke yangu T."

Mkuu akakunja uso, akifikiri. Halafu kitu kikamjia, akaangalia miguu ya shangazi yake, na watu wote pale wakaifuata ile miguu kwa macho.

"Orodha ya buti?" aliuliza.

Akazinyooshea kidole zile buti.

"T ni tayari, shangazi. Umeshachukua zako. B ni bado. Wenzako bado hawajapata, jozi zao zinakuja mwezi ujao. Wewe nilikupa wa kwanza."

Mkata tiketi ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia, akashindwa, akashika ukuta wa karne nyingi akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Shemeji akageuka kutazama kijito. Msimamizi wa mafundi akainama kuukagua msumeno wake kwa makini sana, mabega yakimruka. Shangazi aliziangalia buti zake, alizokuwa amezivaa siku ile ya orodha, alizozivaa akitoka kwa hasira, alizozivaa leo kuja kuokoa alichokaribia kukiua.

"Nilidhani ni toka," alisema.

"Toka wapi?"

"Kazini. Uliniambia nikapumzike. Ukasema nimetumika."

Mkuu hakucheka. Akasogea akakaa karibu naye, bega kwa bega, mgongo kwenye shina, kama alivyokuwa akikaa kabla hajaanza shule.

"Ulikuwa unachechemea," alisema. "Nikaona umechoka. Shangazi, ningekutoa wewe, ningekuja kumwangalia nani hapa? Hata kama wangeniamuru kupunguza watu, na hawajaniamuru, ungeambiwa na mimi, kwa mdomo, hapahapa chini. Si kwa kalamu nyekundu."

"Ungeniambia?"

"Ningekuambia. Na wewe ungeniuliza?"

Shangazi akakubali kwa kichwa. Akasema pole kwa ajili ya mkwaju, na mkuu naye akasema pole, maana kosa lilikuwa la wote wawili. Msimamizi, aliyekuwa amemaliza kukagua msumeno, akasema mkwaju ameukata usawa wa goti, mzizi mzima, na mkwaju hauna kisirani, utachipua kabla ya mvua za pili. Shangazi alilijua hilo. Alifurahi tu kulisikia kwa mwingine.

Kazi ikaanza upya mchana huohuo. Mkuu akaleta kopo la rangi kutoka stoo, akavua koti la suti, akalitundika kwenye jiwe lililochomoza. Wakakubaliana kuwa herufi moja moja basi, kuanzia leo ni neno zima, mtu asome hata kama amelewa. Msimamizi akauliza waanzie wapi.

"Tuanze na huyu," alisema mkuu, akiutazama mkuyu. "Huyu tumwandikie kubwa."

Shangazi akageuza shingo taratibu.

"Huyu?"

"Shika brashi, shangazi."

Akaishika. Lakini kwanza akazivua zile buti, akazipanga pamoja kwenye mzizi, akasimama pekupeku kwenye udongo alioufagia miaka ishirini na sita, na mbele ya ile K akaongeza A mbili.